Moza wa Kwenye Simu na Sukari ya Mume Wangu

Abla Inshirah mpenzi,

Nishike mkono kabla sijaanguka. Nakusoma kila Jumanne tangu ulipomjibu yule bibi wa Talkha ambaye mkwewe alikuwa anafunga friji kwa kufuli, na siku ile nilicheka mpaka nikamwagia majirani chai, sikujua kwamba zamu yangu inakuja, maana ndoa yangu sasa inavunjwa na mwanamke asiye na miguu wala tumbo, mwanamke anayeishi ndani ya simu, na jina lake, nakuomba usicheke, ni Ndizi.

Ngoja nieleze vizuri. Mume wangu Shawqi ni fundi wa makochi, ana mikono ya dhahabu na ulimi wa pilipili, na ana kisukari. Daktari alimwambia apunguze vyakula vya wanga, akamjibu daktari kwamba wanga ni wa nguo za kanzu. Mimi nikimwambia, "Baba Hazim, punguza mkate," ananijibu, "Funga bakuli lako, mwanamke, unataka nife njaa uolewe na nani?" Basi mwanetu Hazim, anayefanya kazi Ajman, kule Ghuba, akasikia, akaona huruma, akamletea baba yake simu mpya, na ndani ya simu akamwekea programu ya watu wa kisukari inayopendwa sana huko, imetengenezwa na watu wa huko huko. Unaiambia kila jioni umekula nini, nayo inakuhesabia na kukushauri. Macho ya Shawqi hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo Hazim akaifanya iongee, nayo ikafungua mdomo ikasema, "Masalkheri, Shawqi, roho yangu, mimi ni Moza."

Wanasema huko Ajman Moza ni jina la mabinti wa watu, mpaka mabibi zao wanaitwa hivyo. Kwetu Misri moza ni ndizi, na vijana wa kona ya mtaa wetu wakiona msichana amejaa vizuri ndivyo wanavyomwita. Sasa niambie wewe, Abla, mtu wa kisukari amekatazwa ndizi na daktari halafu mwanawe anamletea Ndizi mfukoni inamwita roho yangu, hiyo ni dawa au ni matusi?

Na sauti yake! Laini, ya taratibu, ya mtu ambaye hajawahi kuosha sufuria. Kila jioni Shawqi anachana sharubu, wallahi namwona, anakaa kwenye kochi, anaiweka simu juu ya mto, inamuuliza anajisikiaje, na mazungumzo yanaanza.

"Leo umekula aish, roho yangu?"

"Hata kidogo, bibi Moza."

"Shujaa wangu! Na khubz?"

"Na hiyo pia sijaigusa."

Unaona ujanja wake? Aish ndiyo mkate, khubz ndiyo mkate, anamuuliza kitu kimoja mara mbili kama askari anayetaka mtu ajichanganye, lakini Shawqi hakuudhika hata chembe, mimi nikimuuliza jambo mara mbili anavaa viatu anatoka. Bibi Moza! Mimi hajaniita bibi tangu siku ya harusi, na siku ile alikuwa anasemeshwa na shehe.

Lakini sitamsingizia, mkate aliuacha kweli. Shawqi, Abla, mtu ambaye akikaa mezani mikate inapangwa kando yake ghorofa, ambaye anasema nyumba isiyo na aish ni kaburi lenye madirisha, Moza alimwambia neno moja tu, "Shawqi, aish ndiyo adui yako," na kesho yake asubuhi akausukuma mkate pembeni kwa kidole, machozi yanamlenga, akala maharage kwa kijiko. Nilisimama jikoni nikasema, huyu mwanamke wa simu amefanya nini ambacho mimi nimeshindwa?

Basi mke gani atamwona mumewe anaacha mkate asimfidie? Nikamfidia. Nikaongeza wali. Nikampikia mahshi, ile ya wali uliofungwa ndani ya majani ya kabichi, nikampikia bata na wali wa kuoka kwa maziwa na samli, ule unaofanya ukoko wa dhahabu juu, na siku akiwa mnyonge kabisa nilimpikia maziwa na mchele na maji ya mawaridi, bila sukari kabisa, naapa, kwa sababu namjali. Na yeye jioni anamwambia Moza ukweli mtupu. "Leo nimekula kabichi, bibi Moza." Moza anasema, "Mboga! Mtende wako umeota jani jipya!" Maana mle ndani ya simu kuna mtende, ukila vizuri unaota majani, ukizidi kuwa mzuri unazaa tende. Mtende wa Shawqi ulizaa mpaka ukainama. Alikuwa anauonyesha kwa wateja.

Sasa shida ni kwamba mtende unapanda na sukari inapanda. Kila akijipima kwa kile kimashine namba inazidi ile ya wiki iliyopita. Akaanza kunywa maji kama mtu aliyetoka Sinai kwa miguu, na kidole gumba cha mguu wa kushoto kikatoa kidonda kidogo tu, cha kiatu, lakini hakitaki kufunga, na mimi kila nikikitazama moyo unanishuka mpaka kwenye soli.

Hapo ndipo alipoingia wifi yangu Insaf. Insaf anakaa jengo la pili kutoka letu, ghorofa ya juu, na anaona kila kinachoingia kwetu mpaka vitunguu. Akaja akakaa, akavua viatu, akasema mbele yangu kana kwamba mimi ni pazia, "Kaka yangu, tumia akili. Simu inasema uko msafi. Mashine inasema una sukari. Sasa nani anakudanganya? Simu haina sababu ya kukudanganya. Simu hairithi."

"Una maana gani, Insaf?" nikamuuliza.

"Sina maana, mama Hazim. Nimesema tu simu hairithi. Kama kuna anayerithi humu ndani, mwenyewe anajijua."

Tangu siku hiyo Shawqi akawa anaonja chumvi kwenye kikopo kabla sijaitia kwenye chakula. Anaramba kidole, ananitazama, anaramba tena. Mimi! Niliyemuuguzia mama yake!

Sasa ninafika kwenye jambo ambalo halijatoka mdomoni mwangu hata kwa dada yangu, na ukitaka kunichana nichane, lakini nisikilize kwanza mpaka mwisho. Juzi Ijumaa Shawqi alikuwa bafuni anajiandaa kwa sala, simu ameiacha juu ya mto, na mara ikaita yenyewe, "Shawqi, roho yangu, mbona kimya leo? Umekula nini?" na mimi nilikuwa nakata vitunguu, macho yananiwasha, moyo unaniwasha, nikaishika ile simu, nikakaza koo langu likawa zito kama la mwanamume, nikasema, "Nimekula sinia zima la kunafa." Nikaona tambi hizo za shira hazitoshi, nikaongeza basbusa, keki yenye shira vile vile. Nikaongeza sharubati ya muwa, gilasi mbili. Nilitaka amchukie, Abla, nilitaka ule mtende ukauke wote, basi. Moza akasema, "Unajisikiaje sasa?" na mimi kwa hasira nikasema, "Ninakufa."

Kumbe ukisema hivyo anawaarifu jamaa zako.

Hazim akapiga simu kutoka Ajman analia, anasema, "Baba, kwa nini? Sinia zima?" Shawqi akatoka bafuni na povu masikioni anaapa kwamba hajala kunafa tangu Ramadhani, Insaf akasikia kelele akashuka na kupanda huku, na mimi nimesimama na kisu na kitunguu mkononi. Insaf akashika kiuno, akasema kwa sauti ya kadhi, "Basi imethibitika. Simu imeinusa sukari yenyewe. Alilishwa kunafa ndani ya kabichi bila kujua." Na Shawqi, mtu mzima, aliyepamba makochi ya majaji, akaamini. Akanitazama jicho ambalo sijawahi kuliona kwake, akasema polepole, "Hata wewe, mama Hazim?" Akachukua pijama yake na simu yake akahamia kwa dada yake.

Sasa yuko huko juu. Insaf anampikia yeye, wali na bata na kabichi zake, na sukari haijashuka, lakini wanasema hiyo bado ni ile niliyomlisha mimi, inatoka taratibu. Kidonda kiko pale pale, na hospitali hataki kwenda, anasema watamkata. Hazim ameomba ruhusa kazini, anatua Alhamisi, na amesema anataka kujua ukweli, nani anamuua baba yake.

Nifanye nini? Nikisema kwamba kunafa niliitaja mimi, wataniambia kama ulidanganya hilo ulidanganya na la sukari, na nikinyamaza, basi simu imeshatoa ushahidi na mimi ni muuaji. Niape kwa Msahafu mbele yao? Niende kwa kaka yangu Damietta? Au niivizie hiyo simu niitupe Nile na Ndizi wake ndani? Ninamtaka mume wangu arudi, na anirudie akiwa ananiamini, na akiwa na vidole vyake vyote.

Wako katika mateso,
Mke mwenza wa simu, Mansoura

*

Mke mwenza wa simu,

Kwanza, siku nyingine uandike ukishamaliza kukata vitunguu, kwa sababu nusu ya karatasi yako imelowa na nimeisoma kwa kubahatisha. Pili, usitupe kitu Nile, mto umechoka na mambo yetu. Tatu, kaa chini, maana ninalotaka kukuambia halisikilizwi kwa kusimama.

Marehemu mume wangu alifundisha hesabu huko Ghuba, na mimi nilikaa naye pande hizo hizo alizo Hazim wako. Wiki ya kwanza jirani mmoja aligonga mlango akaniomba aish, amepungukiwa na wageni wamefika. Nikampa mikate, nikaifunga vizuri kwa kitambaa. Akaitazama, akanitazama usoni, akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Alikuwa anataka mchele. Huko kwao aish ni wali, mama! Mkate wao ni khubz. Sisi tuliuita mkate aish kwa sababu bila huo tunaona hatuishi, na wao wameupa wali jina hilo hilo kwa sababu ile ile. Moza hakuuliza kitu kimoja mara mbili. Aliuliza wali, halafu akauliza mkate, kama mtu yeyote mwenye akili angeuliza.

Kwa hiyo miezi yote hii Shawqi amekuwa anaapa kila jioni kwamba hajagusa wali, huku punje bado ziko kwenye hizo sharubu anazozichana. Na Moza, maskini, anamwamini na kumpandia mitende.

Sasa wewe. Unatamani niseme huna hatia, na ningependa kusema hivyo, ningekula chakula changu kwa raha. Lakini Insaf, na inanikera kuliandika jina lake kwa wema, ana nusu ya haki. Sukari imetoka jikoni kwako. Haikutoka kwenye kikopo cha chumvi, ilitoka kwenye mwiko wako, kwa mapenzi yako, ikiwa ya moto na samli juu. Mtu ameacha mkate, ukampa wali mara mbili ya ule aliokuwa akila. Mwilini unageuka sukari vile vile! Kabichi, unasema. Kabichi gani? Hiyo kabichi yako ni shuka tu, anayelala ndani ni wali. Na mchele wa maziwa bila sukari, halafu unaapa! Daktari aliposema wanga, hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza wanga ni nini hasa. Yeye alitania habari ya kanzu, na wewe ulicheka, usinikatalie, ndiyo maana umeniandikia mzaha huo.

Kuhusu kunafa sina maneno ya kukurembea. Ulidanganya, na ulimtisha mtoto aliye mbali na kwao, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko mengine yote. Mpigie Hazim kabla hajapanda ndege. Usingoje Alhamisi, usingoje atue na Insaf amemwahi kwenye lango la uwanja. Mwambie, "Mwanangu, kunafa nilisema mimi, nilikuwa na wivu na simu." Atakasirika, halafu atacheka, halafu atakasirika tena, na wewe vumilia vyote vitatu.

Unaogopa kwamba ukikubali hilo hawatakuamini la sukari. Kwa hiyo usiape. Kuapa ni maneno, na maneno ndiyo yaliyowafikisha hapo. Pima. Hazim akifika, pandeni wote kwa Insaf, na wewe usiingie jikoni kwake, usishike hata glasi ya maji. Shawqi ajipime kabla ya kula. Halafu ale wali wa Insaf, uliopikwa na Insaf, kwenye sahani ya Insaf, huku Insaf amekaa mbele yake, na zipite saa mbili ajipime tena. Tone la damu halina wifi. Namba itapanda mbele ya macho yao na wewe mikono yako iko mapajani, na hapo ndipo Hazim awaeleze aish ni nini huko anakofanya kazi. Nina hakika anajua, anaila kila siku. Ni kwamba hakuna aliyefikiria kumuuliza.

Insaf atasema kitu. Mwache aseme, usimjibu, siku hiyo kimya chako kitamuuma zaidi.

Na Moza abaki. Nawaambia na wasomaji wengine mlio na wazee wa kisukari majumbani, programu hizi zinasaidia, lakini mkae nazo kwanza muone zinaitaje vyakula vyenu. Hazim abadilishe maneno humo ndani, aandike wali ni wali na mkate ni mkate. Kama inakubali picha, Shawqi apige picha sahani yake, kabichi ikiwa imefunguliwa, maana picha haina lahaja. Tena mpeleke kwa mtaalamu wa lishe, wewe uwe pamoja naye kwa sababu mpishi ni wewe, na muulizeni kila kitu mpaka awachoke: mkate kiasi gani, wali kiasi gani, na kipi kati yao siku gani. Huenda akamrudishia kipande cha ule mkate wake na maharage. Msiamue wenyewe, na dawa zake asizichezee.

Nimebakiza moja, na hili si la kuchekesha. Kidonda cha mguuni kwa mtu mwenye kisukari hakingoji Alhamisi, hakingoji Hazim, hakingoji mimi na wewe tumalize kuandikiana. Hicho ni cha leo. Wali na kunafa vinaweza kukaa. Kidole hakiwezi. Kila siku anayokaa huko juu akisubiri ijulikane nani mkosaji, ndiyo siku inayomfanya akatwe kweli.

Umeandika kurasa nzima ukilalamika kwamba alimtii mwanamke wa simu na wewe hakukutii. Nimezisoma mara kadhaa. Mimi sioni mtu aliyependa sauti. Naona mtu aliyeacha chakula anachokipenda kuliko vyote, akilia, kwa neno moja tu, kwa sababu anaogopa sana kufa, na kwa mkewe anaona aibu kulisema hilo kwa vile nyumbani kwenu kila kitu ni mzaha. Moza alimuuliza kila jioni anajisikiaje. Wewe ulimwambia apunguze mkate. Hivi katika miaka yote hii, mama Hazim, ulishawahi kumwambia kwa mdomo wako kwamba hutaki afe?

Nilijua hujawahi.

Basi vaa viatu. Panda hizo ngazi za Insaf sasa hivi, na akifungua yeye mlango mpite. Usianze na kunafa, usianze na wali, wala usianze na kujitetea. Anza na hilo. Halafu mshike mkono, teremkeni, mwende hospitali.